Zulia la mimea ndani ya akwariamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tangi lake la samaki wa maji baridi linafanya kazi tayari, amepanda mimea mifupi akitarajia itambae na kufunika sakafu yote, na sasa mambo hayaendi. Majani yanayeyuka, vishina vinaelea, mwani umetanda, au mmea umedumaa tu, haufi wala haukui. Kabla ya swali lolote shika hili, maana utalikuta karibu kila jibu: mwanga huutia mmea njaa, na mmea wenye njaa hudai kaboni dioksaidi (CO2) na mbolea. Ukiongeza taa bila kuongeza chakula, anayeshiba ni mwani. Mazulia mengi yaliyoharibika hayakukosa mwanga. Yalipewa mwanga mkali kuliko gesi na mbolea iliyokuwepo.

Nianze na mmea gani?

Kama hujawahi kuotesha zulia, anza na Monte Carlo, yaani *Micranthemum tweediei*, mmea wa Argentina wenye vijani vya mviringo. Hutambaa wenyewe, huvumilia kasoro ndogondogo, na ukipata CO2 ya kutosha unaweza kufunga sakafu ndani ya miezi miwili hivi. Ukipenda sura ya nyasi, chukua *Eleocharis*. Hiyo husambaa kwa mashina yanayopita chini ya mchanga na kuchomoza machipukizi mapya kila baada ya sentimita moja au mbili.

Mmea ambao watu huuona pichani wakautamani ni *Hemianthus callitrichoides*, unaouzwa kwa jina la Cuba. Jani lake ni milimita chache tu, na kwa uzuri zulia lake halina mpinzani. Lakini ni mmea mgumu kuulea: CO2 ikiyumba siku chache unageuka njano, maji yakipata joto unabanduka. Usianze nao. *Glossostigma elatinoides* wa Australia na New Zealand nao uko kundi hilohilo. Ukikosa mwanga sakafuni unasimama wima badala ya kutambaa.

Kwa tangi lisilowekewa CO2 kabisa, chaguo langu la kwanza ni *Marsilea hirsuta*. Huyu ni kangaga wa majini, wa ukoo mmoja na kile kimmea chenye vijani vinne kinachoota kwenye majaruba ya mpunga. Hukua polepole lakini hushika. *Sagittaria subulata* husambaa haraka zaidi, ila huweza kurefuka kuliko unavyotaka. *Cryptocoryne parva* ya Sri Lanka ni mfupi na imara, na mwendo wake ni wa kinyonga; usishangae mwaka ukipita kabla haujajaza sehemu ndogo.

Nimepanda juzi tu na majani yanayeyuka. Mmea umekufa?

Mara nyingi haujakufa. Wazalishaji wengi huotesha mimea hii mizizi ikiwa kwenye maji na majani yakiwa hewani, kwa sababu hewani hukua haraka na mwani haupati nafasi. Majani hayo yameumbwa kwa ajili ya hewa: ni manene na yana ngozi ya nta. Yakizamishwa hayawezi kufyonza gesi vizuri kutoka kwenye maji, kwa hiyo mmea huyaacha yaoze na kuanza kutoa majani mengine, membamba na laini. Kipindi hicho huchukua wiki mbili hadi nne.

Kazi yako ni kuondoa yanayooza kabla hayajachafua maji, na kutogusa shina. Chunguza kila kichaka kwa karibu. Ukiona nukta ya kijani angavu kwenye kifundo cha shina, hata kama kila kitu kando yake kimekuwa kahawia, kiache. Vuta kidogo sana kwa kibano: kikishikilia, mizizi ipo hai. Kikitoka bila ubishi na shina likawa rojo, hicho kimekwisha.

Mimea ya vikopo iliyozalishwa maabara huja ikiwa imekaa kwenye jeli. Osha jeli yote kwa maji ya vuguvugu, hata katikati ya mizizi, maana ina sukari na itaota ukungu. Ukiweza kuchagua, nunua hiyo. Haina konokono, haina mwani, haina dawa ya wadudu inayoweza kuua kamba wako.

Kila asubuhi nakuta vishina vinaelea juu. Nakosea wapi?

Karibu kila mara ni upandaji. Watu huchukua kikopo kizima wakakikata vipande vinne vikubwa na kuvikandamiza mchangani. Kipande kikubwa hunasa hewa chini yake, hupata upenyo wa kuinuka, na katikati yake hakuna mzizi unaogusa udongo.

Gawa vipande vidogo, upana wa sentimita moja kila kimoja. Tumia kibano kirefu chenye ncha nyembamba. Vidole havifai hapa. Shika kipande kwenye mizizi, si kwenye majani. Ingiza kibano kwa mshazari, zamisha hadi vibaki vijani vya juu tu vikichungulia, kisha legeza ncha na ukitikise kibano kidogo huku unakitoa taratibu ili mchanga uangukie shimo. Ukikichomoa kwa haraka na wima, mmea utakifuata. Acha sentimita mbili au tatu kati ya kipande na kipande.

Panda tangi likiwa halijajazwa, mchanga ukiwa umelowa tu na maji yanaanza kuonekana juu yake. Ukimaliza, tandika mfuko wa nailoni au weka sahani, ndipo umimine maji juu yake polepole. Kama tangi lina maji tayari, zima filta saa ile ya kupanda na elekeza mkondo wake kwingine kwa wiki ya kwanza.

Na kama umepanda vizuri na bado vinang'oka, mtazame samaki wako. Jibu la samaki liko chini zaidi.

Nitumie mchanga gani? Mchanga wa pwani si bure?

Mchanga mweupe wa pwani yetu ya Bahari ya Hindi sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalisi kaboneti. Ndani ya tangi huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu na pH kupanda. Huo uache ufukweni. Mchanga wa mto unafaa, lakini upime kwanza: weka kijiko kimoja kwenye glasi, dondoshea siki. Ukitoa povu la viputo, una kaboneti, usiutumie.

Punje nzuri kwa zulia ni za milimita 1 hadi 3. Mchanga laini kama unga hujibana, mizizi haipumui, na ukiuchokoa unasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Kokoto kubwa nazo haziwezi kushika kimzizi chenye unene wa uzi. Tabaka liwe la sentimita 4 mbele na 6 au zaidi nyuma.

Udongo maalumu wa akwariamu, ule wa vipunje vya mfinyanzi vilivyookwa, ndio bora kuliko vyote kwa zulia. Una mbolea ndani, hushusha pH kidogo na hushika mizizi. Kasoro yake ni amonia inayotoka wiki za mwanzo. Badilisha nusu ya maji kila siku wiki ya kwanza, kila baada ya siku moja wiki ya pili, na usitie samaki hadi kipimo cha amonia na cha naitraiti visome sifuri.

Ukikosa fedha za udongo huo, kuna njia ya Mmarekani Diana Walstad: udongo wa kawaida wa bustani usio na mbolea wala samadi mbichi, kina cha sentimita 2 au 3, kisha mchanga sentimita 2 au 3 juu yake. Inafanya kazi. Ila ukishapanda, using'oe ovyo, maana kila unapong'oa mmea unapandisha tope.

Mmea unarefuka kwenda juu badala ya kutambaa

Unatafuta mwanga. Hii ndiyo hali moja ambapo taa yako huenda kweli haitoshi, au inatosha juu na haifiki chini. Tangi la kina cha sentimita 30 na la sentimita 50 ni mambo mawili tofauti kwa taa ileile. Mimea mirefu iliyoinama juu ya zulia nayo huweka kivuli, na mimea inayoelea ndiyo mibaya zaidi, ipunguze.

Wenye kifaa cha kupimia mwanga hulenga mikromoli 50 hivi kwa mita mraba kwa sekunde, kipimo kikichukuliwa sakafuni. Wasio na kifaa wanaweza kuanza na lumeni 20 hadi 40 kwa kila lita ya maji, kama makadirio tu. Weka taa kwenye taima, saa 6 kwa siku mwanzoni, halafu saa 7 au 8 zulia likishashika. Saa 10 au 12 hazina faida yoyote kwa mmea mchanga. Na usitegemee dirisha: jua la kwetu hupasha maji joto na kuotesha mwani upande mmoja wa kioo.

Kabla hujapandisha taa hakikisha CO2 iko sawa. Huo ndio utaratibu, na usiugeuze.

Je, ni lazima niweke CO2?

Kwa mimea niliyoitaja ya kutokutaka CO2, hapana. Kwa Cuba na *Glossostigma*, ndiyo, na anayekuuzia mimea hiyo akikuambia vinginevyo usimsikilize. Kwa Monte Carlo na *Eleocharis* unaweza kuishi bila hiyo kwenye mwanga mdogo na udongo mzuri, lakini zulia litachukua nusu mwaka au zaidi, na huenda lisiwe mnene.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Gesi husafiri ndani ya maji polepole mno, mara elfu kumi hivi kuliko hewani. Maji yasiyoongezewa chochote yana miligramu chache tu za CO2 kwa lita, na mmea ulio sakafuni ukishamaliza iliyo jirani na jani lake hukaa ukingoja. Kwa hiyo kuna mambo mawili, na wengi huliangalia moja tu. La kwanza ni kiasi: lenga miligramu 30 kwa lita. La pili ni mzunguko: maji yenye gesi lazima yapite juu ya zulia. Ukiona upande mmoja wa sakafu umestawi na kona ya mkono wa pili imekufa, tatizo si mbolea. Tazama majani ya kona ile: yakiwa yametulia tuli, hakuna maji yanayofika pale. Geuza mdomo wa filta hadi uone majani yakitikisika kidogo sakafuni kote.

Kiasi unakipima kwa kile kichupa cha kioo kinachoning'inizwa ndani ya tangi, chenye maji maalumu ya ugumu wa kaboneti wa digrii 4 na dawa ya rangi. Bluu maana yake gesi haitoshi, kijani ni sawa, njano imezidi. Kichupa huchelewa kubadilika kwa saa moja hadi mbili, hivyo usifungue vali ya mtungi wa gesi zaidi kwa kuwa tu bado ni bluu baada ya dakika kumi. Njia nyingine ni pH: pima kabla gesi haijawashwa, pima tena saa chache baadaye. Ikishuka kwa 1 kamili, CO2 imeongezeka mara kumi.

Washa gesi saa moja au mbili kabla ya taa, zima saa moja kabla ya taa kuzimika. Usiku mmea hautumii CO2, nao kama samaki unatumia oksijeni.

Kwa tangi dogo, hadi lita 60 au 80, mtungi si lazima. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya lita 2, tia sukari vikombe viwili, hamira robo kijiko cha chai, maji ya vuguvugu hadi robo tatu ya chupa. Toboa kifuniko upitishe mpira mwembamba, uzibe kwa gundi, upitie kwanza kwenye chupa ndogo ya maji ili povu la hamira lisiingie tangini, uweke vali ya kuzuia maji kurudi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hamira huchachuka kwa fujo siku za kwanza kisha hupoa, ndiyo maana nasema robo kijiko na si zaidi. Usitumie chupa ya kioo hata siku moja. Mpira ukiziba, shinikizo litaipasua. Mchanganyiko wa ndimu ya unga na soda ya kuokea hutoa gesi kwa utulivu zaidi, lakini unahitaji kifuniko chenye vali na kipimo cha shinikizo.

Kile kinachouzwa kama kaboni ya maji si badala ya CO2. Nyingi ya bidhaa hizo zina glutaraldehaidi, sumu inayofaa kuua mwani kwa kipimo kidogo na inayoweza kuunguza ngozi na kuangamiza *Vallisneria* na baadhi ya kuvumwani za majini. Vaa glavu.

Samaki wanahema juu ya maji

Zima CO2 sasa hivi, washa pampu ya hewa, badilisha theluthi ya maji. Mengine yafuate baadaye. Samaki akizidiwa hukimbilia juu, huhema kwa kasi, au hulala sakafuni bila kuogopa mkono wako. Kamba huacha kula na kutulia. Hakuna zulia linalostahili maisha ya samaki. Siku inayofuata anza na gesi pungufu, ongeza polepole kwa siku kadhaa huku ukiwatazama wao na si kichupa peke yake. Uso wa maji uwe unatikisika kidogo muda wote ili oksijeni iingie; gesi utakayoipoteza kwa mtikisiko huo ni kidogo, nawe unaweza kuifidia.

Majani yamekuwa ya njano. Niongeze mbolea gani?

Angalia kwanza ni majani yapi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi mmea unaweza kuvihamisha, kwa hiyo vikipungua unavinyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga. Njano huanza chini. Chuma na kalisi havihamishiki. Vikikosekana njano au ulemavu huanza kwenye ncha mpya. Matundu madogo yenye ukingo wa kahawia kwenye majani ya zamani mara nyingi ni potasiamu.

Watu wengi huogopa mbolea kwa kuhofia mwani, wakaishia na mmea dhaifu, na mmea dhaifu ndio mwani huupenda. Njia rahisi ni ile iliyoenezwa na Tom Barr wa Marekani: toa mbolea ya kutosha kwa ukarimu, kisha badilisha nusu ya maji kila wiki ili kilichozidi kisijilimbikize. Naitreti kati ya miligramu 10 na 30 kwa lita, fosfeti 1 hadi 3, na chuma kidogo mara mbili tatu kwa wiki.

Potasiamu naitreti safi ya kuyeyusha, ile inayotumiwa na wakulima wa nyumba za kijani, inapatikana kwenye maduka ya pembejeo na ni nafuu kuliko chupa zozote za akwariamu. Gramu 1 kwenye lita 100 huongeza naitreti takriban miligramu 6 kwa lita na potasiamu karibu 4. Lakini narudia kwa msisitizo: urea, DAP na CAN zisiingie kwenye maji ya tangi. Zinaleta amonia, na samaki hawatafika kesho.

Mwani umefunika zulia. Nifanyeje?

Kwanza jua ni mwani gani, kwa sababu dawa hutofautiana.

Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole kwenye tangi la wiki chache ni diatomu. Litaondoka lenyewe. Badilisha maji, subiri.

Nyuzi za kijani zilizojisokota ndani ya zulia ni mwanga uliozidi. Punguza saa za taa hadi 6 au hata 5, zungusha nyuzi kwenye mswaki wa meno ukizivuta taratibu, na angalia CO2.

Vishungi vyeusi au vya kijivu vinavyong'ang'ania pembe za majani na mawe ni mwani mwekundu kitaalamu, ingawa hauonekani mwekundu. Unapenda CO2 inayopanda na kushuka. Ukikuta huo, usiguse mbolea wala taa. Hakikisha gesi inawaka muda uleule na kwa kiasi kilekile kila siku. Uliokwisha kushika unaweza kuuulia kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Zima filta, puliza kwa bomba la sindano lisilo na sindano moja kwa moja juu ya mwani, jumla isizidi mililita 25 kwa lita 100 kwa siku, ngoja dakika kumi, washa filta. Siku chache baadaye utageuka waridi, kisha mweupe, na kamba wataula. Kuwa mwangalifu na kuvumwani na kamba wachanga.

Utando wa kijani-bluu unaoteleza, unaobanduka kama karatasi na kunuka uvundo si mwani bali ni bakteria. Hupenda sehemu zisizo na mzunguko na maji yaliyokosa naitreti. Uvute wote kwa mpira, ongeza naitreti, halafu funika tangi gizani siku tatu kamili, CO2 ikiwa imezimwa na pampu ya hewa inafanya kazi. Zulia lenye mizizi litavumilia giza hilo.

Kuhusu wasaidizi: kamba wa *Caridina multidentata*, ambao Mjapani Takashi Amano ndiye aliyewaingiza kwenye ufugaji huu na ndio maana wanaitwa kwa jina lake, hawana mfano katika kusafisha nyuzi katikati ya majani. Lakini waweke tangi likishatulia. Kamba hawarekebishi CO2 mbovu.

Naishi pwani na maji yangu hufika nyuzi 30. Kuna matumaini?

Yapo, ukichagua mmea kwa hali ya maji uliyonayo. Maji ya moto hushika CO2 kidogo na oksijeni kidogo, huku mmea wenyewe ukitumia zaidi kupumua. Cuba hustawi kati ya nyuzi 20 na 25, na ukipita 28 kwa muda mrefu huanza kuachia sakafu. Wa Nairobi, Arusha au Mbeya wanaweza kuuotesha bila shida ya joto. Wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar miezi ya kaskazi watafute *Marsilea* au *Sagittaria*, na Monte Carlo kwa uangalizi.

Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa njia ya mvukizo. Hewa ya pwani ikiwa na unyevu mwingi hupungua nguvu, lakini hata nyuzi mbili zinaokoa. Ondoa kifuniko cha kioo, inua taa juu zaidi, na sogeza saa za taa ziwe jioni na usiku wa mapema badala ya saa saba mchana. Maji yanayopotea kwa mvukizo yajazie kwa maji laini au ya mvua, kwa kuwa yanayoondoka ni maji matupu na chumvi zote hubaki.

Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua?

Ya bomba, ukiondoa klorini. Maji ya Nairobi yanayotoka milima ya Aberdare ni laini kiasili na yanafaa sana. Klorini hutoka ukiacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha na pampu ya hewa ikivuma. Kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji ya bomba, haitoki kwa njia hiyo, inahitaji dawa ya kuiondoa. Visima vya pwani mara nyingi vina chumvi, na zulia halitaki chumvi. Ya mvua ni laini kupita kiasi; changanya nusu kwa nusu na ya kisima ukilenga ugumu wa jumla wa digrii 4 hadi 8, na usikinge mvua ya kwanza iliyosafisha vumbi la bati.

Zulia lilikuwa zuri, sasa linabanduka kama mkeka. Kwa nini?

Hukulipunguza. Inua ukingo wake utazame upande wa chini: vishina vyeupe au kahawia, hakuna jani hata moja, mizizi imekatika. Juu ni kijani kibichi na chini ni giza. Tabaka la chini limekufa kwa kukosa mwanga, na viputo vya oksijeni vilivyonaswa ndani vinalisukuma lote kwenda juu. Hutokea sana kwa Cuba na Monte Carlo zikifika unene wa sentimita 3 au 4.

Likishabanduka, usijaribu kulirudisha na mawe. Toa lote, kata sehemu ya juu yenye afya, panda upya vipande vidogo. Ni kazi ya jioni moja na utapata zulia jipya haraka kuliko mwanzo, kwa kuwa vipande hivi vimezoea maji tayari.

Ili lisirudie, kata mapema. Likifika sentimita 2, tumia mkasi uliopinda, ukate nusu ya urefu bila huruma. *Eleocharis* unaweza kuikata ikabaki sentimita moja. Zima filta, kusanya vipande kwa wavu, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo. Rudia kila wiki tatu au nne.

Samaki gani wanaelewana na zulia?

Wadogo wanaoogelea katikati na juu: guppy, tetra, rasbora. Wale jamaa wa ziwa Tanganyika na ziwa Malawi, pamoja na uzuri wao wote, wanachimba, na maji wanayoyapenda ni magumu yenye pH ya juu. Watengenezee tangi lao la mawe na mchanga. Perege huchimba na kula mimea. Samaki wa dhahabu hivyo hivyo. *Corydoras* hupekua mchanga bila nia mbaya. Subiri miezi miwili zulia lishike ndipo uwalete.

Umeme ukikatika je?

Saa mbili tatu hazina madhara kwa mmea. Hatari ni kwa samaki, hasa kama CO2 yako ni ya chupa ya hamira isiyozimika: toa mpira nje ya tangi mara moja. Pampu ya hewa ya betri ni ya bei ndogo, kaa nayo. Filta ya ndoo iliyosimama saa nyingi ifungue uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, kwa sababu maji yaliyolala ndani yamekosa oksijeni na yataingia tangini yakiwa machafu. Umeme ukirudi, kagua taima. Nyingine husimama na kuanza kuhesabu upya, ukajikuta taa inawaka usiku wa manane.

Nimesikia unaweza kuotesha zulia bila kujaza maji kwanza. Ni kweli?

Kweli, na kwa mtu mwenye subira ni njia nzuri. Lowesha udongo hadi maji yaonekane chini ya usawa wake, panda, funika tangi kwa nailoni ya jikoni, puliza maji kila siku kwa chupa ya kupulizia, fungua dakika chache hewa ibadilike. Hewani CO2 haina uhaba, mwani hauna nafasi, na mizizi hushika barabara ndani ya wiki 4 hadi 8. Ukiona ukungu mweupe, unalowesha kupita kiasi. Ukijaza maji, jaza taratibu, na uwe na CO2 tayari siku hiyo; mtu anayefikiri amekwepa gesi kwa njia hii huona zulia lote la Cuba likiyeyuka mwezi mmoja baada ya kujaza.

Vipande nilivyokata nivitupe wapi?

Visitupwe mtoni, mtaroni wala ziwani, hata kama ni vichache. Gugu maji la Amerika Kusini lilifika ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na hadi leo wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanahangaika nalo. *Salvinia molesta* nayo iliwahi kulitesa ziwa Naivasha. Mimea ya akwariamu huota kutoka kwenye kipande kidogo chenye kifundo kimoja. Anika juani hadi ikauke kabisa ndipo uitie kwenye mboji au takataka. Vilivyo na afya, na visivyo na mwani, mpe jirani anayeanza.